Nusu ya Kioo cha Mbele

Gari lile lilikuwa na hali mbili za hewa. Upande wa kushoto, alikokaa baba, palikuwa na baridi ya kumfanya mtu avae koti. Upande wa kulia, nilikokaa mimi kwenye usukani, palikuwa na joto la tambarare ya Moshi la mwezi wa pili, na juu yake joto la injini. Tulishuka garini baba akipenga kamasi na mimi blauzi imenigandia mgongoni, na waliotupokea wakauliza kama tumetoka sehemu moja.

Mwanzoni tulicheka. Baba alikuwa na maelezo yake.

"Mjapani ana adabu," alisema. "Anajua mzee anakaa upande gani."

"Kwa hiyo huko Japani dereva hahesabiwi mtu?"

"Dereva ni kijana. Kijana atoke jasho."

Gari lilikuwa la kaka yangu, mtoto wa kwanza nyumbani, aliyefanya kazi Dar es Salaam. Miaka ile kila kitu kilichotumika mahali pengine kilianza kuja kwetu: mashati, viatu, majokofu, na mwishowe magari. Yeye alilipata hili kwa mtu aliyekuwa akiyaleta kutoka Dubai. Mwezi wa kumi na mbili, watu wote wa Uchagani wanapopanda kurudi kwao, na yeye alipanda nalo mpaka Old Moshi, akiwa na mkewe pembeni. Sikukuu ilipokwisha alirudi kazini kwa basi. Mkewe akabaki, na gari likabaki kwa ajili ya mkewe.

Wifi yangu alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika huko mjini, walipohangaika kutafuta usafiri hadi wakafika hospitali wakiwa wamechelewa. Safari hii ikaamuliwa kwamba atakaa kwetu, mama amtunze, na siku ikifika gari liwepo mlangoni. Baba hajawahi kujifunza kuendesha. Mama pia. Mimi kaka alinifundisha nilipokuwa chuo kikuu, na sasa nilikuwa nimemaliza, nipo nyumbani nasubiri kazi ambazo serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu. Kwa hiyo siku ikifika, mimi ndiye ningemteremsha wifi kwenda hospitali. Hakuna aliyenitamkia hivyo. Ilijulikana tu.

Kwetu mwanamke akijifungua, kazi ya nyumba nzima kwa miezi kadhaa ni kumlisha. Mzazi hunywa maziwa, hula mtori wa ndizi, hupewa siagi na nyama, mpaka atoke nje amenenepa na watu waone kwamba amekaa kwenye nyumba ya watu. Baba alianza maandalizi mapema. Zizini tulikuwa na ng'ombe wawili na ndama, wote wa ndani, wa kukatiwa majani, na majani ya kihambani, shambani kwetu penye migomba, hayakutosha. Watu wa mlimani wanajua habari hiyo: lazima ushuke tambarare ukakate huko, upande nayo. Zamani mama aliyabeba kichwani. Sasa kulikuwa na gari.

Hivyo gari lililoachwa kwa ajili ya wifi likawa la kubebea majani ya ng'ombe wa maziwa ya wifi. Sikuona ubaya, na hata leo nikifikiri sioni aliyekosea. Tulijaza buti, tukajaza kiti cha nyuma mpaka juu, na yale majani laini ya ndama baba aliyachagua mwenyewe na kuyaweka miguuni pake, akayabana kwa magoti njia nzima. Tukifika, gari lililala kando ya zizi. Mara nyingine majani ya siku hiyo yalibaki humo mpaka asubuhi.

Mwezi wa tatu nililipeleka kwa fundi mmoja wa Kiboriloni, chini ya mlima, baba akiwa pembeni.

"Gesi, sista," fundi alisema kabla hajafungua boneti. "Gesi imepungua."

"Ikipungua si inapungua kote?"

"Inaanzia kwa dereva."

"Kwa nini ianzie kwa dereva?"

"Hizi za Dubai ndivyo zilivyo."

"Hilo si jibu."

"Binti," baba alisema, "mwache mwenzako afanye kazi. Maswali yako yatamfanya asahau alichokuwa anajua."

Fundi alicheka, akaongeza gesi. Tulipopanda mlima, upande wa baba ulizidi kuwa baridi hata akaomba nisimame atoe sweta kwenye buti. Upande wangu haukubadilika. Nilimwambia baba kwamba hilo linathibitisha kuwa si gesi. Baba alisema linathibitisha kuwa gesi imefika, sasa inatafuta njia.

Masika yalipoanza niliacha kucheka.

Ilikuwa mchana, nimetoka sokoni na mama, mvua inapiga. Tulikuwa tumelowa, na kwa mvuke wa nguo na pumzi zetu kioo cha mbele kikaanza kuingia ukungu kwa ndani. Nikafanya kama kaka alivyonielekeza: nikawasha kiyoyozi, nikasogeza kijiti cha hewa ielekee kwenye kioo. Hewa kavu inapopiga kioo, ukungu hukauka. Ukakauka, lakini nusu. Upande wa mama kioo kilisafika kabisa, mpaka matone ya nje yakaonekana moja moja. Upande wangu kilibaki cheupe kama kilichopakwa maziwa. Nikafuta kwa mkono. Niliona barabara kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha pakafunga tena.

Kufungua dirisha nisingeweza. Mashine ya kioo cha mlango wangu ilikuwa imekatika, kioo kikawa kinadondoka ndani ya mlango, na baba alikuwa amekikaza kwa kabari ya mti. Nikaendelea polepole huku nikiinama kutafutia mwanga kwenye upande wa mama. Kwenye kona moja niliona jani la mgomba mahali palipotakiwa kuwa na barabara. Nikakanyaga breki.

"Mbona umesimama?" mama aliuliza.

"Sioni."

"Huoni nini? Barabara si hii hapa?"

Nikainama mpaka bega likagusa lake. Kweli, kutoka kwenye kiti chake barabara yote ilionekana, safi, ikikata kulia. Nami nilikuwa nimeelekea kushoto, kwenye migomba iliyoota ukingoni mwa korongo. Mama hakuelewa. Aliona barabara, akadhani na mimi naiona.

Tangu siku ile nililiogopa gari. Lilikuwa linawaka vizuri na breki zake zilikuwa imara, na mtu yeyote aliyekaa kushoto angeapa kwamba halina tatizo. Nilipomwona wifi anapita uani, mkono mmoja kiunoni, tumbo mbele, akinitania kwamba mtoto akilia njiani nimwimbie, nilijisikia kama nimemficha jambo. Nikaamua kulitafuta tatizo mwenyewe.

Nilichana karatasi ya chooni vipande vyembamba nikavibandika kwa gundi kwenye kila tundu la hewa la dashibodi, na vingine chini ya kioo cha mbele. Nikawasha feni mpaka mwisho. Vipande vya kushoto vilipepea kwa nguvu hata kimoja kikang'oka. Vya katikati vilipepea. Vya kulia vilining'inia. Nikasogeza kijiti cha joto, vikaendelea kuning'inia. Nikazima kiyoyozi nikaacha feni tu, vikaning'inia vilevile.

Hapo nikaelewa kwamba sote tulikuwa tunabishana kuhusu kitu kisichokuwa na tatizo. Fundi na baba na hata mimi tulizungumzia baridi: kwa nini haiji, imepungua au haijapungua. Kumbe baridi ilikuwepo ya kutosha. Hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa haifiki upande wangu. Kitu kilikuwa kimeziba njia.

Nililala chali chini ya usukani na tochi. Juu ya kanyagio kulikuwa na kifuniko cha plastiki, na kwenye nafasi iliyobaki pembeni yake niliona bomba lenye mikunjo, la plastiki laini, likitoka kwenye sanduku la hewa la katikati kuja upande wa kulia. Nyaya za rangi zote zilipita mbele yake. Kifuniko kilikuwa kimekaushwa na jua la nchi nyingine kwa miaka mingi. Nilipokigusa kililia.

Nilimweleza baba. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa zizi.

"Unataka kulifungua?"

"Kifuniko tu. Halafu bomba."

"Chuoni walikufundisha kufungua gari au kulifunga?"

"Walinifundisha kufikiri."

"Basi fikiri likiwa limefungwa." Akachukua uma wa majani, kisha akaurudisha chini. "Ukikata uzi mmoja hapo, na huyu binti wa watu akashikwa na uchungu, nitamweka wapi? Mgongoni?"

Hakuwa amekosea. Nilikuwa na hofu mbili na kila moja ilisukuma upande wake. Nikilifungua gari nikashindwa kulifunga, wifi hana usafiri, kama mara ya kwanza. Nisipolifungua, usafiri upo, lakini mvua ikinyesha dereva wake ni kipofu. Tukakubaliana kusubiri. Kaka angepanda Pasaka, angelipeleka mjini kwa fundi anayemjua. Mtoto hakutarajiwa hadi Pasaka ipite. Kila asubuhi nilikuwa nikiamka natazama mlima. Ukiwa wazi, napumua. Ukiwa umefunikwa, nakwenda kumtazama wifi usoni.

Siku ilipofika mlima ulikuwa umefunikwa, na si mlima tu, hata mgomba wa pili kutoka mlangoni haukuonekana. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Mama aliniita kwa sauti niliyokuwa siijui. Nilimkuta wifi amesimama ameshika mwimo wa mlango, kitenge chake kimelowa damu chini. Alikuwa anaitazama kwa mshangao, kama imemwagikia kutoka kwa mtu mwingine.

"Bado," alisema. "Si wakati wake bado."

Gari jingine la pale kwetu lilikuwa pikapu ya mwenye duka, nayo ilikuwa imeshuka mjini. Baba alitoa majani kwenye kiti cha nyuma kwa mikono miwili, akiyatupa kwenye matope bila kuangalia. Mama akaingia nyuma, akampakata wifi kichwa. Baba akakaa kushoto. Nikawasha.

Kabla hatujatoka kwenye njia ya kihambani kioo kilikuwa cheupe chote. Tulikuwa watu wanne tuliolowa, na mmoja anahema kwa nguvu. Nikawasha kiyoyozi, feni mpaka mwisho. Ukungu wa kushoto ukaanza kurudi nyuma kutoka chini kwenda juu. Wa kulia haukutikisika. Baba aliutazama ule wa kwake ukisafika, kisha akatazama wa kwangu, na nikaona uso wake unabadilika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuelewa nilichokuwa nasema.

"Wewe huoni?" aliuliza polepole.

"Sioni, baba. Uwe unaniambia."

Barabara ya kushuka kwetu ina ukuta wa udongo kushoto na korongo kulia. Nilikuwa nikikaa upande wa korongo.

Baba aliona vizuri, lakini alikuwa ameijua barabara ile kwa miguu maisha yake yote. Mtu wa mlimani anapokuelekeza hasemi kulia wala kushoto. Anasema juu na chini, na kihamba cha nani.

"Nenda juu," alisema.

"Juu ni wapi? Kulia au kushoto?"

"Juu. Kwa mwalimu."

"Nyumba ya mwalimu siioni, baba. Mkono upi?"

"Huu," akasema, akainua mkono ambao sikuweza kuutazama kwa sababu nilikuwa nimeukazia macho weupe wa mbele. "Sasa chini. Chini kidogo. Unakwenda kwa mjane, hiyo ni kwa mjane, rudi juu."

Barabara ikipinda, juu inahama. Kwenye kona moja juu ni kushoto, kwenye kona ya pili juu ni nyuma yako. Nilijaribu kuichora kichwani ile njia niliyoipita tangu nikiwa mtoto, nikageuza kila neno la baba kuwa mkono wa kulia au wa kushoto, na mara mbili niligeuza vibaya nikasikia ukuta wa udongo ukikwaruza mlango wake. Hilo lilinipa nafuu. Kukwaruza kushoto kulimaanisha kwamba korongo liko mbali. Mama alikuwa anaomba kwa Kichaga, kwa sauti ya chini isiyokatika. Pumzi ya wifi ilikuwa inakuja kwa mafungu.

Halafu gurudumu la mbele la kulia lilikanyaga kitu laini.

Gari liliinama upande wangu, si sana, kama mtu anayeegemea kusikia. Nikakanyaga breki, nikavuta na ya mkono. Mama alinyamaza katikati ya sala. Baba alifungua mlango wake akatoka, akazunguka kwa nyuma, nikasikia viatu vyake vikisimama kando ya mlango wangu. Aliporudi maji yalikuwa yanamchuruzika usoni. Aliongea kama mtu aliye kanisani.

"Rudisha nyuma. Polepole. Usikate usukani."

"Ni pabaya kiasi gani?"

"Rudisha nyuma, mama."

Baba hakuwahi kuniita mama isipokuwa nikiwa mgonjwa. Nilitia gia ya kurudi, nikaachia klachi kidogo kidogo. Magurudumu yakazunguka kwenye matope, yakashika, tukarudi. Mgongo wa gari ukagusa ukuta wa udongo. Nikazima injini kwa sababu sikuuamini tena mguu wangu.

"Wifi," sauti ilitoka nyuma, ndogo. "Twende tu."

Nikageuka kumtazama. Midomo yake ilikuwa imepoteza rangi. Mama alikuwa amemwekea kanga yake chini, nayo ilikuwa imeshabadilika. Nilijua kwamba tukikaa pale atatoka damu mpaka iishe. Nilijua pia kwamba tukienda hivi, kona inayofuata au ya baada yake, tutakwenda sote. Kati ya mambo hayo mawili kulikuwa na bomba lenye mikunjo.

"Baba, shika tochi."

Hakuuliza. Nilitoka mvuani, nikapiga magoti kwenye matope, nikaingiza kichwa chini ya usukani. Bisibisi ilikuwepo kwenye buti lakini sikwenda kuitafuta. Nilishika ukingo wa kifuniko nikakivuta kwa nguvu zangu zote, kikavunjika vipande, kimoja kikanikata kiganja. Nyaya zikaning'inia. Nilizisukuma pembeni moja moja, kila moja nikiiambia kimoyomoyo kwamba sitaikata. Nikafikia bomba, nikalishika mahali linapotoka kwenye sanduku, nikavuta. Halikutoka. Nikalizungusha. Likachanika likatoka, na mdomo wake ukaning'inia mbele ya uso wangu.

Ulikuwa umejaa majani.

Yalikuwa makavu, yamesokotwa vizuri, yamebanwa, yamechanganyika na nyuzi za kanga na manyoya. Nikaingiza vidole nikachomoa fungu la kwanza, la pili. Nikaingiza tena ndani zaidi, na hapo vidole vyangu vikagusa kitu chenye joto, na kitu hicho kikasogea.

Nilipiga kelele nikagonga kichwa kwenye usukani. Panya alitoka kwenye bomba, akapita kwenye mkono wangu, akavuka kanyagio na viatu vya baba, akatokea mlango wa kushoto kwenye mvua. Nyuma yake yalibaki majani yaliyomiminika sakafuni.

Baba alimulika tochi. Aliokota majani machache akayasugua kati ya vidole, akayanusa. Alikuwa na desturi ya kunusa majani kabla ya kuyakata, na aliyafahamu kama watu wengine wanavyofahamu tumbaku.

"Haya ni ya ndama," alisema.

Panya alipanda nayo kutoka tambarare, au alitoka zizini akayakuta humo, akapandia kwenye tundu la hewa ya miguuni, akajijengea mahali pakavu pa kuzalia. Majani ya maziwa ya wifi ndiyo yaliyokuwa yamefunga njia ya wifi.

Nikawasha injini. Iliwaka, nikashukuru nyaya. Hewa ya baridi ilitoka kwa nguvu pale kwenye sanduku, ikatimua mabaki ya majani machoni mwangu. Lakini bomba lilikuwa limechanika. Halikukubali kurudi mahali pake wala kufikisha hewa juu kwenye kioo. Nililisukuma, likadondoka. Nililisukuma tena.

"Liache," baba alisema. "Nipe."

Nikapanda kwenye kiti changu, naye akapiga magoti kati ya viti, kifua chake kwenye breki ya mkono, akaushika mdomo mmoja wa bomba akaubana kwenye sanduku kwa kiganja. Mdomo wa pili akaupitisha kando ya usukani akauinua kuelekea kioo changu. Hewa ikapiga kioo. Katikati ya ule weupe pakatokea duara dogo, halafu likapanuka mpaka likalingana na sahani. Ndani ya duara niliona tope jekundu, jiwe, ukingo wa barabara, na nje ya ukingo hakuna kitu.

"Unaona?" aliuliza, uso wake umegeukia chini, yeye mwenyewe haoni chochote isipokuwa magoti yangu.

"Naona. Juu kidogo, baba. Hapo. Lete kwangu."

Tukashuka hivyo. Duara lilipohama nilimwambia, akalirudisha. Kila nilipobadilisha gia kiwiko changu kilimgonga sikioni, hakulalamika.

"Sema amina," mama alisema kutoka nyuma. Alikuwa amefika mwisho wa sala.

"Amina," baba alisema kutoka kwenye magoti yangu.

"Nimemwambia dereva."

Nikasema amina. Sikuwa naamini kwamba ingesogeza jiwe hata moja barabarani, lakini mama aliihitaji, na mimi nilihitaji mama aendelee kumshika wifi.

Kiboriloni mvua ilikuwa nyepesi. Wauza ndizi walikuwa wamejikunja chini ya manailoni. Tulipoingia kwenye lami nilisikia tofauti chini ya magurudumu, nikataka kulia, sikulia kwa sababu ningeziba duara kwa pumzi yangu. Baba hakuuachia mdomo wa bomba hata hapo. Nilipomwambia apumzike alisema mikono haikunjuki.

Katika hospitali ya Mawenzi walimpokea wifi mlangoni kwa machela, wakampeleka. Mama alikwenda naye mpaka kwenye mlango ambao ndugu hawavuki. Mimi na baba tulibaki kwenye benchi la nje. Alikuwa ameficha mikono kwapani kuipasha moto, majani yamemganda kwenye sweta. Mvua ilikuwa imetufuata, ikapiga mabati mpaka mtu hasikii hata kikohozi chake.

Sijui tulikaa kiasi gani. Nilijaribu kufikiri, kama nilivyofundishwa, nikagundua kwamba hakuna cha kufikiria. Hapakuwa na vipande vya karatasi vya kubandika mahali popote ili nijue kinachoendelea nyuma ya ule mlango. Kwenye gari hofu yangu ilikuwa na kazi ya kufanya. Pale benchini haikuwa na kazi, ikanikalia.

Nesi alitoka akamwita baba. Baba akaenda, akainamisha kichwa. Nikaona kichwa kile kinainama nikasema moyoni, basi. Halafu nikajiuliza: mtu si anaweza kuinama ili asikie? Mvua hii nani atasikia akiwa amesimama wima? Nikabaki nimeng'ang'ania wazo hilo. Nesi akaingia ndani. Baba akageuka, akaninyooshea vidole viwili.

Nikamfuata.

"Wawili nini?"

"Amesema wawili."

"Wawili wazima?"

"Amesema wawili wapo."

"Wapo vipi? Baba, hukumuuliza?"

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa hewa ya bomba.

"Nimeogopa kuuliza," alisema. "Kauliza wewe."

Nilisukuma mlango ambao ndugu hawavuki. Nesi alikuja kunizuia, mama mtu mzima, mkono tayari kifuani kwangu.

"Shikamoo. Mama na mtoto, wote wako hai?"

"Marahaba. Si nimemwambia mzee?"

"Niambie na mimi."

"Mama yake amepoteza damu nyingi, anaongezewa. Anaongea. Mtoto ni mdogo, amewahi."

"Anapumua mwenyewe?"

"Anapumua mwenyewe."

"Una uhakika?"

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni: matope magotini, kiganja chenye damu, nywele zimejaa manyoya ya panya. Sijui aliamua nini. Alinishika mkono akaniongoza hadi kwenye sinki, akaninawisha mwenyewe kwa sabuni mpaka juu ya viwiko, akanivalisha gauni la kijani, akanipeleka kwenye chumba chenye joto.

"Haya," alisema. "Hakikisha."

Mtoto alikuwa amefungwa kama mkate, uso tu ndio ulioonekana, hauzidi kiganja. Niliinama. Kifua kilipanda kikashuka. Kikatulia kidogo, kama kinavyotulia cha watoto waliowahi, nami nikabana pumzi yangu. Kikapanda tena. Nikaachia. Kikatulia, nikabana. Nesi aliniambia inatosha, wengine nao wana wagonjwa wao, lakini nilimwomba pumzi moja zaidi, na baada ya hiyo, nyingine.